Kitufe cha Hodi

Badjanani, Moroni
4 Februari 1985

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na lile goti lako la kushoto limetulia. Huku sisi hatujambo. Idarousse anakuamkia, kila siku anakwenda kusomesha Vouvouni na kurudi na chaki mpaka kwenye nyusi. Mimi kichefuchefu kimenipungua. Mwambie Mama tangawizi aliyoniletea imenifaa kuliko dawa za hospitali.

Najua utasema, huyu mtoto ana nini, asubuhi tumezungumza kwenye redio na jioni ananiandikia barua. Lakini Baba, redio yako ina spika ukumbini, na lile benchi la wateja halipitwi na neno. Jambo hili sikutaka benchi lilijue kabla yako. Nimeliandika kwa Kiswahili chetu cha Unguja kwa sababu barua siku hizi hupita mikono mingi, na hapa benki wanaokisoma ni wachache.

Wiki iliyopita Mkuu wetu, Bwana Ridjali, alituita akatusomea kazi yetu kana kwamba tumeajiriwa jana. Kwamba mteja akija kutoa pesa Mutsamudu, kadi yake iko huku Moroni. Kwamba karani wa huko hupiga redio, karani wa huku hufungua droo na kuitazama kadi, ndipo ruhusa ya kulipa hutolewa. Akasema njia hiyo imezeeka. Mvua ikinyesha hatusikilizani. Wale wazungu wa kambini wenye sare nyeusi, askari wa kukodiwa wanaomlinda Rais, wakiamua redio zifungwe, kisiwa kizima kinakaa bila kulipwa. Na kila mwenye kisanduku cha kusikilizia anajua nani katoa pesa kabla mke wake hajajua. Hapo nilicheka peke yangu, nikamkumbuka yule mzee wa Mirontsi na bibi harusi wake wa siri.

Kwa hiyo inakuja teleksi. Ni taipureta iliyofungwa kwenye waya wa simu: ukipiga herufi Mutsamudu, papo hapo inajiandika Moroni. Mwisho wa kila ujumbe inatiwa namba ya siri kutoka kwenye jedwali linalokaa ndani ya sefu. Mashine zikishika kazi, redio itafungwa moja kwa moja.

Hilo ndilo lililonishikisha kalamu, Baba. Redio ikifungwa hatutasikiana tena. Nimelilia hilo, nisikufiche. Lakini Mkuu amenichagua mimi niongoze upande wa Moroni. Hakuna mwanamke katika ofisi hii aliyewahi kupewa kitu zaidi ya droo. Kazi ikifaulu, cheo ni changu. Ikishindwa, narudi kwenye droo zangu, na ataletwa kijana kutoka nje. Na mtu wa upande wa pili ni wewe. Nakuomba ukubali kufundishwa.

Mwanao,
Saoudat


Mutsamudu
13 Februari 1985

Mwanangu Saoudat,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima, mama yako mzima, paka mzima. Goti halijambo, kinachouma sasa ni moyo, kwa hayo uliyoniandikia. Mama yako anauliza unalala upande gani. Usinijibu mimi, mjibu yeye.

Sasa nisikilize. Nilipokuwa posta ya Unguja, kabla mapinduzi hayajatutoa, waliniletea mashine tatu mpya, na kila moja walisema itaondoa shida zote. Mashine zimekufa, shida zipo. Samaki mkunje angali mbichi, mwanangu. Mimi nimeshakaangwa na kuwekwa mezani.

Lakini si hilo. Nitasema wazi kwa sababu barua haina benchi. Tangu uolewe uende huko, watu wengine asubuhi wana chai, mimi nina wewe. Naita, "Moroni, Moroni," nawe unaitika, "Mutsamudu, nakusikia." Kwa maneno hayo tu najua kama umelala, kama umegombana na Idarousse, kama umekula. Mimba yako nani aliniambia? Hukuniambia wewe. Nilikusikia unataja namba za kadi kama mtu anayeimba kasida, nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako, Hassanati, tayarisha nguo za mtoto. Sasa hiyo taipureta itaniambia nini? Tak, tak, tak.

Na kuna usalama. Mwizi anaweza kuiba namba. Lakini sisi kabla ya kulipa tunasalimiana, tunaulizana habari za nyumbani, kisha tunauliza huyu mteja ni mtoto wa nani, wa mtaa upi. Ndivyo nilivyokufundisha. Mtu akiniletea amri ya kutoa mali za watu bila kusema assalamu alaykum, huyo ni mwizi au ana homa.

Nitakubali kufundishwa kwa sababu umeniomba wewe. Usiniombe nifurahi.

Babako,
Anli


Badjanani, Moroni
25 Machi 1985

Baba mpenzi,

Shikamoo. Vipi hali yako, na Mama, na majirani wote wa Mutsamudu? Sisi wazima. Jana nimekwenda sokoni Volo Volo kutafuta ndimu nikarudi na mafenesi, kwa sababu mjukuu wako huyu wa tumboni ndiye anayenunua siku hizi, si mimi.

Najua Attoumane, karani mwenzangu wa hapa, ameshafika huko na mashine kukufundisha, na kwamba unamwita Bwana Mkunjo kwa ajili ya mkunjo wa pasi wa suruali yake. Anasema unajifunza haraka ila unapiga herufi kwa kidole kimoja, kama mtu anayemtia jirani kidole cha jicho. Nimefurahi, hata kama umenikataza kukuomba ufurahi. Zile jumbe za mazoezi ulizotutumia, za salamu na habari za paka, nimezihifadhi kwenye mkoba wangu.

Ila lipo jambo ulijue mapema. Kazi ya kweli ikianza tarehe mbili Aprili, yale maneno ya mazoezi hayatakuwapo. Fundi Mfaransa aliyeletwa kufunga mashine ametupa kanuni: namba ya kadi, jina, kiasi, namba ya siri, basi. Nilimuuliza, hata salamu? Akasema waya ni mmoja, watu wa visiwa vitatu wanausubiri, na mashine haina masikio. Nikamuuliza tena kesho yake, akanijibu hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukiona ujumbe mkavu, usidhani umetoka kwa mtu mwingine. Nitakuwa mimi. Barua hii nampa mke wa Mjomba Chanfi anayerudi huko kesho kwa boti, itakuwahi.

Mwanao,
Saoudat


Mutsamudu
2 Aprili 1985, baada ya alasiri

Mwanangu,

Salamu nyingi kuliko kawaida, maana leo baba yako ameiokoa benki yenu. Barua kutoka kwako sijapata tangu ile ya Februari. Wanasema boti imekwama kisiwani Mwali kwa ubovu wa injini. Si kitu. Keti nikusimulie.

Asubuhi tumefungua, ukumbi umejaa, watu wamekuja kuiona mashine kuliko kuchukua pesa. Mkuu wa tawi letu, Bwana Toihir, amevaa kofia ya Idi. Mteja wa kwanza alikuwa Djaouharia, yule mshonaji, mjane mmoja katika wale Wangazija na Wanzuani walioletwa kwa ndege kutoka Mahajanga, Bukini, baada ya mauaji, mwaka sabini na saba. Alitaka kununua majora ya kitambaa bandarini, kuna meli imeshusha. Nikapiga ombi lake vizuri, kwa vidole viwili, mwambie Attoumane. Nikamaliza na assalamu alaykum warahmatullah, nikauliza hali yako na ya huyo wa tumboni.

Mashine ikanyamaza. Halafu ikaandika yenyewe. Nimekariri, ilikuwa hivi: namba ya kadi, jina, kiasi, LIPA, namba ya siri. Basi. Haikuitikia salamu. Haikuuliza mtoto wa nani. Haikusema hata ahsante.

Saoudat, nilivua miwani, nikaivaa tena, nikasoma upya. Namba ya siri ilikuwa sawa, nakiri, nimeilinganisha na jedwali mara mbili mbele ya Toihir. Lakini namba huibiwa. Adabu haiibiwi. Nikajua pale pale kwamba hayo si mambo yako, kuna mtu amejipenyeza kwenye waya. Redio nayo leo imefungwa kwa amri ya wale wa kambini, nisingeweza kukuuliza. Nikamwambia Toihir, hatulipi. Nikachomoa mashine ukutani, tukafunga mlango, na wateja tukawaambia warudi Inshallah.

Djaouharia alichukua mkoba wake akaondoka. Wengine walinipongeza. Mwambie Bwana Ridjali amtafute huyo mwizi, na asinishukuru mimi, ni wajibu wangu.

Babako,
Anli


Badjanani, Moroni
6 Aprili 1985

Baba,

Shikamoo. Sote wazima. Natumai nanyi pia. Redio bado wameifunga, ndiyo maana naandika.

Yule mwizi ni mimi.

Ujumbe ule nimeupiga kwa vidole vyangu hivi, na fundi amesimama nyuma yangu na Mkuu amesimama nyuma ya fundi. Salamu yako niliiona ikijiandika kwenye karatasi, herufi moja moja, mpaka pale ulipouliza hali ya wa tumboni, na machozi yakanilenga. Mkuu akasoma juu ya bega langu akasema, "Hiki ni kitu gani?" Nikaambiwa nijibu kwa kanuni. Nikajibu kwa kanuni. Halafu waya wako ukafa, tukakaa mbele ya mashine mpaka adhuhuri kama watu wanaosubiri maiti.

Barua niliyokueleza haya imo kwenye ile boti ya Mwali. Basi, si kosa la mtu. Lakini Bwana Ridjali haamini boti. Anasema Mutsamudu imekataa amri halali yenye namba halali, na kwamba baba na binti hawafai kuwekwa kwenye waya mmoja. Ametupa mpaka mwisho wa mwezi. Likitokea tena, wewe utarudishwa kaunta ya nyuma na mimi kwenye droo, na mashine zote mbili watapewa Attoumane na mwenzake mgeni.

Nimekasirika, Baba. Sijawahi kukuandikia neno hilo. Hukuamini namba, hukumwamini Toihir, hukuniamini hata mimi kwamba naweza kuwa nyuma ya maneno makavu. Ulitaka nikusalimu ndipo niwe mwanao? Ichomeke mashine ukutani.

Mwanao, bado,
Saoudat


Mutsamudu
20 Aprili 1985

Mwanangu mpenzi Saoudat,

Amani iwe juu yako na juu ya huyo unayembeba. Mimi mzima wa mwili. Mama yako mzima, ila alikaa siku mbili bila kusema nami, kisha akasema nami siku moja bila kupumzika. Barua zako mbili zimefika siku moja, ile ya Machi na ile ya Aprili. Nikasoma ya hasira kwanza, ndiyo bahati yangu.

Nimechomeka mashine. Hilo ulijue kabla ya mengine.

Mambo yalivyokwenda ni hivi. Nilikwenda kwa Djaouharia kumwomba radhi, maana kile kitambaa kilinunuliwa chote na wafanyabiashara wa Domoni, na yeye ana nguo za Idi za watoto wa mtaa mzima za kushona. Nilikwenda na hotuba yangu tayari. Nikamweleza habari ya mwizi na salamu. Alikuwa anatia uzi kwenye cherehani, hakuinua kichwa. Akasema:

"Bwana Anli, siku ile nilifurahi. Ulijua hilo?"

Nikasema sikujua.

"Miaka yote hii nikija kuchukua changu, mnaniuliza kwenye lile dude la redio mbele ya benchi, mtoto wa nani. Nasema wa fulani, amekufa Mahajanga. Wa mtaa upi? Nasema sina mtaa, nimekuja kwa ndege. Benchi lote linanihurumia. Mimi sikuja kuhurumiwa, nimekuja kuchukua pesa yangu. Siku ile mashine iliandika jina langu na lipa. Haikuniuliza kitu. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, leo na mimi ni mteja. Halafu wewe ukaichomoa."

Mwanangu, hotuba yangu niliiacha pale pale mlangoni. Ile sauti ya kwenye lile dude, iliyokuwa ikimuuliza mtoto wa nani, ni yako, na mimi ndiye niliyekufundisha kuuliza. Kwangu ilikuwa adabu. Mimi nina mtaa, nina ukoo, niliporudi kutoka Unguja nilipokewa na watu wanaomjua babu yangu. Kwake ilikuwa kuvuliwa nguo ukumbini. Nimeona haya, na haya hizo sijazimaliza. Yeye kanipa chai na mkate wa sinia, akanitania kwamba angalau nimekuja na salamu.

Tangu siku hiyo nalipa kwa namba, kikavu, kama mnavyotaka. Wiki nzima sijakosea. Toihir atakuwa amewaarifu.

Sasa sikia habari nyingine, hii ni yangu na yako. Juzi Attoumane, aliyeletwa tena kuikagua mashine, alikuwa anaipangusa kabla ya kurudi huko, nikamuuliza kile kitufe cha pembeni chenye alama kama ua, ambacho hajanifundisha, ni cha nini. Akasema, "Hicho ni cha kuuliza nani hapo. Ukikibonyeza, mashine ya upande wa pili inajibu jina lake, ili ujue umefika kwa unayemtaka kabla hujasema neno." Nikamwambia, ngoja, rudia. Akarudia.

Saoudat! Hiyo ni hodi! Mashine ya Wafaransa inapiga hodi, na ya pili inaitikia karibu! Nilimshika Attoumane mabega mpaka suruali yake ikakunjuka. Mwezi mzima mnaniambia mashine haina adabu, kumbe adabu wameitia ndani ya kitufe na kukisahau. Tena hodi yenyewe ya heshima, inaulizana mashine kwa mashine, haimgusi Djaouharia.

Kesho asubuhi, kabla hatujafungua mlango, nitakibonyeza. Sitaandika neno, kanuni yenu sitaivunja. Ukiona mashine yako inaamka na kujitaja jina, ujue baba yako amefika kazini, amekunywa chai, na goti halijambo.

Nisamehe.

Babako,
Anli


Badjanani, Moroni
6 Mei 1985

Baba yangu, Mzee wa Hodi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Hatujambo sote, na wa tumboni anacheza mpira. Mama hajambo? Mwambie nalala upande wa kushoto, kama alivyoagiza.

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa kwenye kiti na mkoba wangu bado begani, mashine ikaamka. Ikaandika MORONI peke yake, katikati ya karatasi nyeupe, ikanyamaza. Barua yako ilikuwa haijafika. Lakini nilijua. Sijui nilijuaje, nilijua tu, nikacheka mpaka mlinzi akaja kutazama. Barua ilipofika siku ya nne nilikuwa ninayo karatasi nzima ya MORONI, MORONI, MORONI.

Sina la kusamehe, Baba. Nimemfikiria Djaouharia kila siku. Nilikuwa nikimuuliza kwa sauti yangu nzuri ile ya redio, nikidhani namfanyia ukarimu. Nikija huko nitakwenda kwake mwenyewe.

Sasa kuna mawili. La kwanza, Bwana Ridjali ameiona ile karatasi. Akauliza kwa nini Mutsamudu inaita kila asubuhi bila kutuma kitu. Kabla sijasema, yule fundi Mfaransa akaitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Wanapima waya kabla ya malipo. Hawa wa Mutsamudu wana akili." Baba, imeandikwa kuwa kanuni! Kuanzia wiki ijayo kila tawi litabonyeza kitufe hicho asubuhi kabla ya kufungua, na Fomboni kule Mwali pia. Visiwa vitatu vitapiga hodi kwa sababu yako, na hakuna anayejua. Na cheo nimepewa. Barua yake nimeiweka pamoja na habari zako za paka.

La pili si zuri sana, lakini nalisema. Mashine hujibu yenyewe, hata kama hakuna mtu kwenye kiti. Ukibonyeza na mimi nimelala nyumbani, itaitika MORONI vile vile. Nimeliwaza sana hilo, maana sitaki uitikiwe na chuma ukidhani ni mwanao. Basi tufanye hivi: wewe ukipiga hodi, mimi nitakurudishia hodi yangu, mara mbili. Mashine yako itajitaja MUTSAMUDU, MUTSAMUDU. Attoumane anapokaa kwenye kiti changu hubonyeza mara moja kama kanuni inavyosema. Mara mbili ni mimi.

Redio waliizima moja kwa moja jana jioni. Neno la mwisho nililokusikia ukisema ni "haya, mwanangu, kalale." Nimebaki nalo.

Baada ya Idi, Mkuu ananipa likizo nije kujifungulia nyumbani kwetu, kama desturi. Idarousse atafuata shule zikifungwa. Mwambie Mama atandike.

Mwanao,
Saoudat


Mutsamudu
27 Juni 1985

Mwanangu Saoudat,

Assalamu alaykum. Sikuulizi hali, utaona kwa nini.

Mwezi wa Ramadhani umepita, Idi imepita, na kila asubuhi ya kazi nimepiga hodi nikaitikiwa mara mbili. Nimeizoea. Mwanzo nilidhani nitakukosa, na kweli nimekukosa. Tak-tak haikohoi, haichekelei, haina usingizi kwenye koo. Lakini kuna siku umerudisha hodi upesi, kabla mashine yangu haijamaliza kutetemeka, na nikajua umefika kazini mapema na una furaha. Kuna siku umekawia, nikajua umechoka. Kumbe hata kwenye kitufe mtu husikika. Benchi sasa linakaa kimya, wateja wanaitwa kwa namba. Djaouharia huja, huchukua pesa yake, hunitazama na kusema, "Leo mashine yako ina adabu?" Nguo za huyo wa tumboni ameshazishona, amekataa malipo, na mimi nimekataa kukataliwa, tunaendelea kugombana.

Leo asubuhi nimekaa, nimevaa miwani, nikabonyeza. Huko mkaitika MORONI. Nikangoja. Mashine yangu ikaamka, ikaandika MUTSAMUDU.

Moja tu.

Nikangoja tena. Toihir akaniuliza, vipi, waya umekatika? Nikamwambia haujakatika. Sitakuficha, mkono wangu ulibaki juu ya kitufe. Halafu nikakumbuka leo ni lini. Aliyebonyeza ni Attoumane, umekosekana huko kwa sababu unakuja huku. Tangu uolewe hujawahi kunikosesha asubuhi nikafurahi namna hii. Nilicheka mbele ya wateja, na Toihir akanipa ruhusa kabla sijaiomba, nadhani alitaka kuniondoa ukumbini.

Mama yako amewaka tangu alfajiri. Ametandika, akatandua, akatandika tena. Wali unanukia mpaka mtaa wa pili. Alitaka niende uwanja wa ndege wa Wani kukupokea. Nimemtuma ndugu yake, mjomba wako Chanfi, mwenye gari. Mama yako ananiona nimepungukiwa na akili, binti anafika na tumbo la miezi saba na baba mtu amekaa barazani anaandika barua.

Lakini mimi najua ninachotaka, nami nakuandikia ili niseme mara moja na sawasawa, maana ukifika nitashindwa. Barua hii haitatiwa stempu, iko mfukoni mwangu, nitakupa mwenyewe. Mlango nimeufunga. Ukifika usiusukume kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa mtoto. Piga hodi, kwa mdomo wako. Nitakuwa nimesimama nyuma ya mlango, na nitakawia kidogo kuitikia, makusudi, ili uipige mara ya pili.

Babako,
Anli